Mchicha Usiozinduliwa

Ipo nchi moja mbali sana na hapa, mbali kiasi kwamba msomaji akidhani anaijua, hayo ni yake mwenyewe. Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoanza kutumika kabla hakijazinduliwa. Daraja likikamilika, watu huendelea kuvuka mto kwa miguu, nguo wamezikunja mapajani, huku wakilisifu daraja lililo juu ya vichwa vyao, mpaka aje mgeni rasmi akate utepe. Choo cha soko kuu kilifungwa utepe mwekundu siku ile ile fundi alipomaliza kupaka rangi, na kila mwenye haja hukizunguka kwa heshima akaenda kujisaidia nyuma yake. Wageni hushangaa, lakini kushangaa ndiyo kazi ya wageni.

Kwa kuwa kila kitu kilingoja utepe ukatwe, mkasi nao ulikuwa na cheo. Uliitwa Mkasi wa Taifa. Ulilala katika sanduku lililotandikwa mahameli, ulikuwa na fungu lake katika bajeti, na ulikuwa na mtu wake wa kuubeba. Mtu huyo ni Bwana Mshamu Tindo, Mbeba Mkasi Daraja la Kwanza katika Idara ya Uzinduzi na Itifaki.

Mshamu alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezoea kusimama nusu hatua nyuma ya wakubwa, mikono mgongoni kama haijapewa kazi. Kazi yake ilikuwa kushika kimto chekundu chenye mkasi juu yake kwa mikono miwili, kukiinamisha kidogo mgeni rasmi anaponyoosha mkono, kisha kutazama mbele kama mtu asiyehusika. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukata kitu. Aliona si adabu. Mtu anayebeba mkasi wa taifa, alikuwa akisema, hawezi kuonekana kibarazani anakata kucha. Kwa hiyo kucha alikatwa na mkewe, Somoe, chumbani, dirisha limefungwa. Mkate alikatiwa. Uzi ukichomoza kwenye shati lake aliuacha uzidi kurefuka.

*

Ng'ambo ya mto kulikuwa na bustani zilizolisha mji mzima mboga. Siku moja Serikali ikagundua kwamba nchi yenye mambo mengi hivyo ya kuzinduliwa haina uwanja maalumu wa kuyazindulia. Bustani zikasawazishwa, ukajengwa Uwanja wa Uzinduzi wenye jukwaa na viti vya kunesa, na mboga zikatoweka sokoni. Uwanja wenyewe haujaanza kutumika, maana unangoja kuzinduliwa.

Watu walipoanza kunung'unika, Waziri wa Lishe na Fahari alizungumza redioni. Jina lake kamili lilikuwa Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Pazi Ngwamba, na mtangazaji alilazimika kuvuta pumzi katikati.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "wapo wanaosema hakuna mboga. Mimi nawaambia kilichokosekana ni vyungu. Mwananchi mwenye chungu, mwenye ndoo iliyopasuka, mwenye karai lililotoboka, huyo ni mkulima mkubwa ambaye bado hajajitambua. Kuanzia leo shamba lako ni kibaraza chako. Kila nyumba chungu, kila chungu lishe."

Wiki hiyo hiyo maofisa wakapita nyumba kwa nyumba wakigawa tepe. Mbegu zingefuata baadaye.

Somoe hakungoja mbegu za Serikali. Alikuwa na mimba, mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kusubiri na ya kuhojiwa na mashangazi wa mumewe kila Idi. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemfunua kope la chini, akatazama, akaguna.

"Damu yako ndogo, mama," muuguzi alimwambia. "Kula mboga za majani kila siku. Ukija kujifungua na damu hii, sitakuficha, tunaweza kukupoteza."

Maneno hayo Somoe alimweleza mumewe usiku, na Mshamu hakulala. Asubuhi alimsaidia kutafuta vyombo: debe la mafuta, ndoo isiyo na mpini, na karai ambalo kwa hali yake lilikuwa tayari shamba. Somoe alichoma matundu chini kwa msumari wa moto, akatandika kokoto, akajaza udongo aliouchanganya na samadi ya mbuzi. Mbegu za mchicha alipewa na jirani yao, Bi Hadia, mkunga mstaafu aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule. Kila Somoe alipoosha mchele, maji yake yalikwenda kwenye debe. Punde kibaraza kizima kikawa kijani, na majani yakawa laini kiasi cha kumtia mtu hamu akiyatazama tu.

Ndipo alipokuja Bwana Chikoti, Mkurugenzi wa Itifaki, bosi wake Mshamu. Akazunguka debe, akazunguka ndoo, akazunguka karai. Akatoa utepe mfukoni akavifunga vyote vitatu, kila kimoja fundo la kipepeo.

"Hongera sana, bibie," alisema. "Sasa usiuguse mpaka uzinduliwe."

"Utazinduliwa lini?" Somoe aliuliza.

"Utakapozinduliwa utajulishwa."

*

Usiku ule walikula ugali na dagaa. Somoe alitazama nje ya mlango, majani yakichezacheza kwenye upepo.

"Mume wangu, ule mchicha utakomaa. Mchicha haujui kungoja."

"Subira kidogo, Somoe. Mke wa Mbeba Mkasi akionekana anachuma mchicha usiozinduliwa, nchi itasema nini?"

"Nchi haina mimba, Mshamu. Mwenye mimba ni mimi."

 Kesho yake Mshamu alikwenda ofisini kwa Bwana Chikoti, akasimama nusu hatua kutoka mezani kwake, akaeleza habari ya damu, ya muuguzi, na ya mchicha unaokomaa. Akaomba Waziri aje mapema.

"Mheshimiwa ana ratiba," alijibu Bwana Chikoti. "Kesho anaizindua hiyo ratiba yenyewe. Halafu anazindua kamati ya maandalizi, halafu anazindua fulana za kamati. Mchicha uko katika mtiririko."

"Lakini mke wangu ana damu ndogo, mkuu."

"Vizuri sana. Huyo ndiye mlengwa wa mradi. Sasa fikiri mwenyewe, Bwana Mshamu. Mlengwa anawezaje kuutangulia mradi?"

Mshamu alifikiri, akaona kweli haiwezekani, akatoka. Lakini moyo haukukubali. Kila alfajiri, kabla hajavaa sare, alisimama juu ya lile debe na kunyoosha mkono, na kila alfajiri mkono ulirudi mgongoni wenyewe, ulivyozoezwa. Alimpenda mkewe na aliuogopa utepe, na aliona haya kwamba hakujua kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

*

Mchicha nao ukaanza kukua kwa namna ambayo vitabu havijaitaja. Ulirefuka, mashina yakawa matupu kuanzia chini hadi juu, na kileleni yakabaki majani machache. Si kwa Mshamu tu. Mtaa mzima, kwenye kila kopo na kila ndoo, mchicha ulisimama hivyo hivyo. Idara ikaleta wataalamu. Wakapima, wakapiga picha, wakatoa taarifa kwamba mchicha ukiachwa bila kuguswa hujivua majani ya chini wenyewe, kwa uzalendo, ili upande juu haraka. Wakauita mchicha wa ghorofa.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo wataalamu hawakuyachunguza. Mchana, Mshamu akiwa kazini, mtaa mzima ulinukia tui la nazi. Akirejea jioni hukuta kila mwanamke anasugua sufuria na kumwamkia kwa furaha isiyo na sababu. Mashavu ya Somoe yakajaa na ngozi yake ikang'aa. Mshamu alipoyaona hayo aliogopa zaidi, maana aliwahi kusikia kwamba mtu asiye na damu huanza kuvimba.

Akarudi kwa Bwana Chikoti, safari hii akapiga magoti. Bahati nzuri picha za mchicha wa ghorofa zilikuwa zimemfikia Waziri, na Waziri alikuwa ameupenda sana, hasa kwa urefu. Ikaamuliwa uzinduzi wa kitaifa ufanyike kibarazani kwa Mshamu.

Mshamu alirudi nyumbani mbio.

"Anakuja, Somoe. Ijumaa hii. Utakula mchicha mpaka uchoke."

Somoe alimtazama mumewe kwa huruma, akainama kufunga khanga yake vizuri.

"Alhamdulillahi," alisema.

*

Ijumaa ilipofika, barabara zote zilifungwa kupisha msafara. Maofisa wa usalama walipita kila nyumba wakikusanya vitu vyenye ncha na makali, visije vikamdhuru mgeni rasmi. Walichukua visu, nyembe, mapanga, sindano za kushonea, na mbuzi za kukunia nazi, wakatupia vyote kwenye lori. Bi Hadia alinyang'anywa mfuko wake wa ukunga wenye mkasi mdogo ndani yake, akapewa bendera ndogo ya kupungia. Basi katika mtaa mzima kilibaki kitu kimoja tu kinachokata, nacho kilikuwa juu ya kimto chekundu mikononi mwa Mshamu.

Waziri alifika adhuhuri, akasimama mbele ya debe, akafungua hotuba. Msafara ulikuwa bado unaegesha magari wakati Somoe, aliyekuwa akimficha mumewe uchungu tangu alfajiri, alipoushika ukuta wa chumbani na kupiga kelele ya chini, ya meno yaliyobanwa.

Bi Hadia alikuwa mstari wa mbele na bendera yake. Alisikia. Akaingia ndani bila kuaga mtu, na kabla hajafunga pazia akamwita Mshamu kwa kidole. Mshamu hakujua kama Mbeba Mkasi anaruhusiwa kuacha nafasi yake. Miguu yake ilikwenda kabla hajaamua, kimto kikiwa mikononi.

"Tumpeleke kliniki," alisema.

"Kwa njia ipi, baba? Wamefunga zote. Chemsha maji, ukanawe."

Nje sauti ya Waziri ilikuwa inaanza kupanda.

"Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo. Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Makamu wake, na Wajumbe wake. Wazee wetu, viongozi wa dini, wasanii, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Hata hivyo, naomba niizingatie tena."

Mshamu aliteleka maji, akakiweka kimto ukingoni mwa kitanda, na Somoe akamshika mkono mpaka vifundo vya vidole vikalia. Mshamu alimfuta jasho na kichwani mwake likapita lile neno la muuguzi, tunaweza kukupoteza, likarudi, likapita tena. Alijiona mjinga mbele ya Mungu. Majani yalikuwa pale mlangoni siku zote hizo, nusu hatua tu, na yeye alikuwa amesimama akiyatazama.

"Bi Hadia, damu yake ndogo," alisema. "Niambie ukweli. Hajala mboga hata siku moja."

Bi Hadia hakuinua kichwa.

"Nani hajala mboga?"

"Mke wangu. Mchicha ulikuwa haujazinduliwa."

"Mwanangu, mkeo ana damu ya kumtosha yeye na mwanawe, na ikabaki. Anakula mchicha wa nazi kila mchana, sote tunakula. Tunachuma majani ya chini tunaacha ya juu, ili nyinyi mkija mkute unasimama. Utepe umefungwa kwenye debe, haukufungwa mdomoni mwa mtu."

Mshamu alimgeukia Somoe. Katikati ya uchungu Somoe aliweza kutabasamu kidogo.

"Ningekwambia ungelazimika kunizuia," alisema. "Nikaona nisikupe kazi hiyo."

 Uchungu ulikuja mkubwa, kichwa cha mtoto kikatoka. Bi Hadia akapitisha kidole shingoni mwa mtoto, akakirudisha.

"Kitovu kimemzunguka shingo, na kimekaza, hakivuki kichwa. Lete mkasi."

Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Chikoti, aliyefuata mkasi kama afanyavyo daima.

"Mkasi gani?" aliuliza.

"Upo mwingine?" alisema Bi Hadia.

"Bibi, huo ni Mkasi wa Taifa. Haukati kitu kabla ya mgeni rasmi. Lakini msihofu, hili linawezekana." Uso wake ukakunjuka, wazo likamjia la kupandishwa cheo. "Mama huyu ni mlengwa. Basi mtoto ni zao la mradi. Mheshimiwa atafurahi sana kukikata yeye mwenyewe, mbele ya kamera. Nipeni nafasi nimnong'oneze akifika mwisho wa utangulizi."

Nje Waziri alikuwa amefika kwenye historia ya mchicha tangu zama za mawe.

Uso wa mtoto ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya zambarau. Mshamu aliuona. Alichukua mkasi kutoka kwenye kimto, kimto kikaanguka, akautumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota. Bi Hadia alikwisha kufunga kitovu mahali pawili kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la khanga yake na kuuchemsha, na mikono yake yote miwili ilikuwa imebana pale pale.

"Kata hapa, katikati ya vidole vyangu."

"Mimi?"

"Mikono yangu imejaa. Kata, Mshamu."

"Bwana Mshamu," alisema Chikoti, kwa ile sauti ya kwenye mazoezi ya gwaride. "Rudi nafasini."

Mtu huyu, kumbuka, alikuwa hajawahi kukata hata kucha. Aliushika mkasi vibaya, dole gumba upande usio wake. Akakata. Kitovu kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, ikabidi akaze mara ya pili. Kisha mtoto akatoka mzima, wa kike, akakaa kimya kwa muda ambao Mshamu hataki kuukumbuka mpaka leo, halafu akalia.

*

Kilio kile kilisikika nje. Wanawake wa mtaa, waliokuwa wakimsubiri mtoto huyo tangu asubuhi wala si kitu kingine, walipiga vigelegele. Waziri, aliyekuwa katikati ya sentensi kuhusu mbolea, aliinama mara tatu kushukuru. Akaona hapo ndipo pa kumalizia. Akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, kama alivyozoea, akingoja uzito wa mkasi.

Mkono ulikaa hewani, mtupu. Ndipo Mshamu alipotoka na kimto, amekipangusa vumbi. Mkasi ulikuwa juu yake, una damu. Waziri aliugusa, akaangalia vidole vyake.

"Umekata nini?"

"Nimekata kitovu cha mwanangu, Mheshimiwa."

 Bwana Chikoti alisogea na kunong'ona kwamba kwa mujibu wa kanuni mkasi ukishakata umeshazindua, na hauwezi kuzindua kitu kingine siku hiyo hiyo. Waziri alitafakari. Alikuwa mtu wa siasa wa siku nyingi na hakuwahi kuondoka mahali bila kuzindua kitu. Akakamata kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, natamka kwamba mtoto huyu sasa amezinduliwa rasmi. Kuhusu mchicha, mtajulishwa."

Watu walipiga makofi ya dhati, maana hakuna aliyetaka ule utepe utoke. Mchicha ukizinduliwa huwa wa Serikali, na wa Serikali huhesabiwa. Msafara ukaondoka na vumbi lake, lori likarudisha visu na mbuzi za nazi, na kila mama akachagua vyake.

Mchana ule moshi ulitoka kila ua kwa wakati mmoja, bila kujificha. Bi Hadia aliingia na sinia: wali, mchicha wa nazi na pilipili mbuzi moja iliyokaa juu. Mshamu alikaa mkekani kando ya kitanda. Alitazama bakuli, na mkono wake wa kulia, kwa mazoea, ukaelekea mgongoni.

Somoe alikuwa ameegemea mto, mtoto yuko kifuani ananyonya.

"Karibu, mgeni rasmi," alimwambia.

Mshamu alicheka, halafu akalia, halafu akala. Alikula mpaka bakuli likabaki jeupe, akauliza kama upo mwingine, na Bi Hadia akatoka na kisu kwenda kibarazani.

Kuhusu kazi yake, Mshamu alisimamishwa kupisha uchunguzi wa matumizi mabaya ya Mkasi wa Taifa. Bado analipwa mshahara wake wote, kwa sababu uchunguzi wenyewe haujazinduliwa. Ukipita mtaani kwao jioni utamkuta kibarazani, kati ya debe na karai, mtoto amemlaza mapajani. Amenunua kimkasi kidogo cha sokoni. Anamkata mwanawe kucha, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, akimaliza anakata na zake, na watu wakipita anawaitikia salamu bila kuuficha mkono.